Kuchagua pikapu mpya za gitaa la besi: mwongozo kamili kwa wapigaji wa Mombasa

Haupiti mwezi bila mtu kuniletea besi na pikapu mpya zikiwa bado kwenye boksi, akaniambia, "Fundi, zimekataa kuingia." Wengine zimewaingia, lakini besi sasa inavuma kuliko mwanzo. Wengine wametumia pesa za miezi mitatu ya kupiga hotelini, wakafunga kila kitu sawasawa, na mlio ukabaki ule ule. Hawa si wazembe. Walianzia mwisho tu: walisikiliza sauti kwenye simu, wakapenda jina, wakalipa, kisha ndipo wakafungua gitaa.

Hapa tunaanzia mwanzo. Pikapu ni kile kisanduku chenye sumaku na koili (waya mwembamba uliozungushwa) kilicho chini ya nyuzi, kinachogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme mdogo unaokwenda kwenye ampi. Usitoe pesa hadi uvuke hatua ya 5. Hatua zilizotangulia zitakugharimu siku chache na seti ya nyuzi, basi.

## Vifaa vya kuweka mezani kwanza

- Multimita (kipima umeme) ya kidijitali. Ile ndogo ya bei rahisi ya mafundi wa redio inatosha.
- Rula ya chuma yenye milimita, au kalipa. Utepe wa fundi cherehani haufai, maana hapa milimita mbili ndizo zinazoamua.
- Bisibisi ya nyota, ndogo na ya wastani.
- Chuma cha kulehemu cha wati 40 chenye ncha bapa, pamoja na lehemu ya elektroniki, ile ya bati na risasi yenye alama ya 60/40.
- Kebo ya gitaa unayoiamini na ampi ndogo.
- Seti mpya ya nyuzi.
- Msasa laini na dawa ya kupuliza ya kusafisha viunganishi vya umeme.
- Sumaku ndogo nyeusi ya kidonge. Ile ya utepe laini inayobandikwa kwenye friji haifai.
- Sponji ngumu au kipande cha mpira laini.
- Simu ya kupigia picha, karatasi na kalamu.

Onyo moja kabla hatujaendelea: usiguse lehemu ya mafundi wa mabomba, wala asidi wanayopaka wanaoziba masufuria. Asidi hiyo hubaki kwenye kiungo na kuendelea kula shaba baada ya kazi kuisha, na kwa unyevu wetu wa pwani haichelewi.

## Hatua ya 1: Hakikisha pikapu ndiyo mgonjwa

Juzi alinijia mpigaji wa kwaya kutoka Bombolulu. Besi yake ilikuwa ikikatikakatika katikati ya ibada, na alikuwa ameshaweka kando pesa za pikapu. Nikatoa skrubu za bamba la jeki, nikaivuta jeki nje. Ule ulimi unaoshika ncha ya kebo ulikuwa umeota kijani, kama sarafu iliyookotwa ufuoni. Nikaukwangua kwa msasa, nikaukunja kidogo ili ukaze tena, nikachomeka kebo. Besi ikaamka. Zile pesa alinunulia nyuzi na kebo mpya, na bado zikabaki.

Ndiyo maana hatua hii ni ndefu kuliko zote. Hewa ya Mombasa ina chumvi, na chumvi haichagui. Inakula nyuzi, jeki, volyumu na skrubu za daraja, mara nyingi kabla haijaifikia pikapu. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Nyuzi. Badilisha nyuzi kwanza. Nyuzi zilizokufa hutoa sauti ya gogo, na hakuna pikapu duniani itakayorudisha mng'aro ambao uzi wenyewe haunao. Ukishaweka mpya, piga siku mbili tatu. Wengi huishia hapa na kurudi nyumbani na furaha yao.

Kebo na jeki. Chomeka, kisha tikisa kebo taratibu mahali inapoingia. Ikikwaruza au kukatika, jeki ndiyo mkosaji.

Volyumu na toni. Zungusha nobu polepole. Mkwaruzo kama wa mchanga maana yake ni uchafu au kutu ndani ya volyumu. Pulizia dawa kidogo kwenye uwazi wake, kisha izungushe mara ishirini, kwenda na kurudi.

Pikapu yenyewe. Chomeka kebo kwenye besi, acha ncha ya pili wazi, fungua volyumu na toni zote hadi mwisho. Weka multimita kwenye kipimo cha kilo-omu 20, yaani cha kupima ukinzani, ugumu wa umeme kupita. Mguse mmoja uwe kwenye ncha ya plagi ya kebo, wa pili kwenye shina lake. Kama besi yako haina betri, utasoma hivi (P na J ni aina mbili za pikapu, sura zake ziko hatua ya 2):

Pikapu ya P iliyo nzima husomeka karibu kilo-omu 10. Pikapu ya J, ukiwa umeifunga nyenzake kwa volyumu, husomeka karibu 7. Ukifungua J zote mbili pamoja usishtuke kuona 3 na kitu. Zimeunganishwa sambamba, na ukinzani hushuka karibu nusu. Mita ikionyesha 1 peke yake upande wa kushoto, au OL, koili imekatika au waya umeng'oka. Ikionyesha sifuri, kuna mahali nyaya zinagusana.

Kama besi ina betri, kipimo hiki cha kupitia jeki hakikuambii kitu, maana unapima saketi ya kukuzia sauti. Badilisha betri kwanza. Nimeona besi nyingi zikihukumiwa kufa kwa ajili ya betri ya volti 9.

Kuna dalili nyingine ya kutazama kwenye P. Ina nusu mbili, kila moja ikisikiliza nyuzi mbili. Nyuzi za E na A zikiwa na nguvu na D na G zikinong'ona, au kinyume chake, huenda nusu moja ndiyo yenye hitilafu. Lakini kabla ya kuihukumu angalia kimo: mara nyingine sponji ya chini imeoza na nusu hiyo imezama tu.

Mvumo. Shika nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua, ethi (waya wa ardhi) ya besi yako ni nzima, na unachosikia ni kelele ya taa, feni na nyaya za nyumba. Usipobadilika kabisa, huenda waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja umekatika. Ukiongezeka, tafuta viungo vilivyogeuzwa.

Na hili ulisome mara mbili: ukihisi umeme ukikutekenya unapogusa nyuzi na maikrofoni kwa wakati mmoja, weka besi chini na usiendelee. Hilo si tatizo la pikapu. Ni ethi ya umeme wa volti 240, na mara nyingi ni plagi ya ampi iliyokatwa pini ya tatu, au jenereta lililounganishwa ovyo kwenye sherehe. Mwite fundi umeme. Besi haina dawa ya jambo hilo.

*Umefaulu* ukiweza kutamka sentensi moja bila kusita: "Pikapu ya daraja imekatika," au "Pikapu ni nzima, ila nataka mlio mzito zaidi." Kama bado unasema "haisikiki vizuri", hujamaliza hatua hii.

## Hatua ya 2: Tambua aina uliyonayo

Usisome jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa. Tazama shimo.

Pikapu ya P ni vipande viwili vifupi vilivyopishana, kimoja mbele kimoja nyuma. Umbo lake halijabadilika sana tangu 1957, ndiyo maana ndiyo rahisi kuliko zote kupata.

J ni fito mbili nyembamba ndefu, moja upande wa shingo na moja upande wa daraja. Nyingi zina masikio madogo ya skrubu ubavuni.

Kuna besi zenye P na J pamoja. Hizi ndizo nyingi kwenye magitaa ya bei nafuu tunayoyaona mjini.

Kipande cha sabuni ni ile pikapu ya mstatili iliyofungwa kabisa, isiyoonyesha sumaku. Hapa ndipo watu wanapoangamia, kwa sababu jina ni moja na vipimo ni vingi.

Na kuna ile kubwa yenye vidonge vinane vinene vya sumaku, ya mtindo wa besi za Music Man. Ukiwa na hii nunua ya umbo hilo hilo tu, usijaribu ubunifu.

Besi ya nyuzi tano iko peke yake. Hata iwe ya J kwa sura, hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata. Usiagize kwa jina kamwe.

## Hatua ya 3: Pima kwa milimita, andika

Legeza nyuzi, toa skrubu za pikapu, inyanyue taratibu. Usiivute kwa waya. Waya wa koili ndani yake ni mwembamba kama unywele, umezungushwa maelfu ya mara, na ukikatika mahali pamoja tu pikapu imekwisha.

Piga picha kwanza, kila pembe, nyaya zikionekana rangi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na rangi za nyaya husahaulika kabla hujanywa chai.

Pima vitu hivi:

Urefu na upana wa pikapu, bila masikio. Nusu moja ya P huwa karibu milimita 56 kwa 28. Kwa J, sikiliza vizuri, maana hili limekula pesa za watu wengi: kwa mtindo wa kawaida wa nyuzi nne, pikapu ya shingo ni fupi kuliko ya daraja. Ya shingo huwa karibu milimita 92, ya daraja karibu 94 au 95. Lakini kuna besi nyingi za bei nafuu ambazo zote mbili zina urefu mmoja. Ukiagiza seti ya kawaida, moja itaingia na nyingine itabaki imekaa juu ya shimo kama kifuniko kisicho cha sufuria yake. Pima zote mbili, kila moja peke yake.

Kipande cha sabuni. Andika urefu na upana, kisha tazama pembe zake kama ni za mviringo au zimekatwa. Kwa mfano, kampuni ya EMG huuza umbo la 35 lenye milimita 89 kwa 38, la 40 lenye 102 kwa 38, na la 45 lenye 114 kwa 38. Anayekuuzia akisema tu "ya sabuni, ya nyuzi nne", mrudishie swali: milimita ngapi?

Kina cha shimo. Chomeka rula hadi chini. Pikapu mpya ikiwa nene kuliko kina, haitashuka, na nyuzi zitaigonga.

Nafasi ya nyuzi juu ya pikapu. Kabla hujalegeza nyuzi, au baada ya kuzirudisha, pima kutoka katikati ya uzi wa E hadi katikati ya uzi wa G, pale pale pikapu ilipo. Vidonge vya sumaku vinatakiwa kuwa chini ya nyuzi au kuzizunguka kila upande. Uzi wa G ukipita nje ya kidonge chake, utasikika mnyonge kila siku. Kama vipimo havikubali, tafuta pikapu yenye sumaku ya upau mmoja mrefu. Haijali uzi unapita wapi.

Kijana mmoja wa Kisauni aliwahi kununua P kwa ajili ya besi yenye shimo la kipande cha sabuni. Hakutaka kurudisha. Akachukua patasi ya baba yake seremala, akachimba sebuleni. Alipoifikisha kwangu, mbao ilikuwa imepasuka hadi karibu na daraja, na pikapu ilikuwa inacheza shimoni kama jino bovu. Ilinibidi nikate bamba la plastiki la kufunika kidonda chote. Besi inapiga, lakini haitauzika tena. Patasi si sehemu ya mwongozo huu. Kuna pikapu zenye umbo la sabuni ambazo ndani yake zina koili za mtindo wa P au J. Angeagiza hizo, shimo lisingeguswa.

*Umefaulu* ukiwa na karatasi moja yenye michoro miwili, vipimo vyote, na picha kwenye simu. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

## Hatua ya 4: Ya betri au isiyo na betri?

Swali hili liamuliwe kabla ya mlio, kwa sababu linabadilisha kila kitu kilichomo ndani ya gitaa.

Pikapu isiyo na betri hutumia volyumu za kilo-omu 250, au 500 kwa baadhi ya zenye koili mbili. Pikapu yenye betri, kama zile za EMG, hutumia volyumu za kilo-omu 25, jeki ya stirio, na nafasi ya betri ya volti 9. Ukiweka pikapu ya betri kwenye volyumu za 250, nobu itakuwa kama swichi: kimya, kimya, kisha ghafla yote. Ukiweka isiyo na betri kwenye volyumu ya 25, mlio utazibwa kama umefunikwa blanketi.

Jeki ya stirio ina kazi yake: plagi ikiingia, ndipo betri inapounganishwa. Ukiacha kebo imechomekwa usiku kucha, unainyonya betri. Wapigaji wa hoteli za Nyali na Diani wanaopiga kila jioni nawashauri wazoee kuchomoa kila baada ya seti.

Maoni yangu: kama wewe si mtu wa kuweka betri ya akiba kwenye mfuko wa gitaa, baki na isiyo na betri. Betri hufa katikati ya harusi, haifi mazoezini. Lakini zile za betri zina faida moja kubwa kwetu, nitaisema katika hatua inayofuata.

Na kama unabadilisha pikapu moja tu kati ya mbili, usichanganye ya betri na isiyo na betri. Inawezekana kwa saketi maalumu, ila si kazi ya mara ya kwanza.

## Hatua ya 5: Sasa ndipo uchague mlio

Weka simu kando. Uzi wa E wa besi unatetemeka karibu mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Unachosikia kwenye video ni mwangwi wa juu tu wa besi. Kama ni lazima usikilize rekodi, tumia vipokea sauti vizuri vya masikioni au spika kubwa.

Anza na unachopiga.

Taarab na bango. Besi inakaa chini ya fidla, kinanda, saksafoni na mwimbaji. Inatakiwa iwe mviringo, isipigane nao. P yenye sumaku za alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma) inafaa sana, na ukiipatia nyuzi laini zisizo na mikwaruzo utapata ule mlio wa kusukuma mguu bila kelele.

Kwaya na sifa za kanisani. Spika huwa ndogo kuliko ukumbi, na mara nyingi besi hupitia mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) moja kwa moja. Unahitaji sauti ya kati iliyo wazi, la sivyo itabaki mngurumo usio na noti. J mbili, au P na J, hukupa nafasi ya kuchanganya.

Hoteli, nyimbo za kila aina. P na J. Sina maneno mengi hapo.

Sababu ya kuchanganya pikapu mbili ni hii: karibu na daraja uzi hausogei sana, kwa hiyo pikapu ya hapo hushika sauti kali, iliyokaza. Karibu na shingo uzi unabembea, sauti huwa nene. Kwa maneno mengine, mahali pikapu ilipo pana nguvu kuliko jina lililoandikwa juu yake. Kama besi yako ina J ya daraja peke yake na unataka unene wa P, pikapu mpya itakusogeza kidogo tu. Afadhali ujue sasa.

Sumaku: alniko kwa jumla hutoa mlio laini zaidi, keramiki mlio wenye nguvu na makali. Ni mwelekeo tu. Koili nayo ina neno lake.

Usichague kwa namba ya ukinzani. Watu huniambia, "Hii ina kilo-omu 13, ina nguvu." Ukinzani huongezeka kwa mizunguko mingi, lakini pia kwa waya mwembamba zaidi. Kati ya pikapu mbili za aina moja na waya mmoja, yenye namba kubwa huwa na sauti nzito na ya juu iliyopungua. Kati ya aina tofauti, namba hiyo haikuambii lolote.

Kelele. P na pikapu za koili mbili huua mvumo zenyewe. J mbili huuana mvumo zikifunguliwa zote sawa, lakini ukiifunga moja mvumo unarudi. Kama ukumbi wenu una taa nyingi za bei rahisi na feni zenye kidhibiti cha kuzungusha, tafuta J za koili mbili zilizofichwa ndani ya umbo lile lile.

Chumvi. Hili ndilo ambalo miongozo ya bara haikuambii. Kwenye pikapu nyingi za mtindo wa zamani, waya wa koili umezungushwa moja kwa moja juu ya vidonge vya sumaku. Jasho na hewa ya bahari vikipenya, kidonge kinashika kutu, kutu inakula ngozi ya waya, na waya unakatika ndani ambako huwezi kuona. Nimefungua zilizokuwa nyeusi kwa nje na za chungwa kwa ndani. Kwa hiyo kama unaishi karibu na maji, Mtwapa, Nyali, Likoni, au unapiga ufuoni, ipe uzito pikapu iliyofungwa kabisa, ndani ikiwa imejazwa gundi ngumu ya epoksi. EMG na Bartolini hujulikana kwa ujazaji huo. Mimi kwa besi ya kupigia ufuoni nisingechagua nyingine.

Ukibadilisha moja tu ya J, lazima ijue kuishi na ile inayobaki. Chukua ile sumaku ya kidonge, tia doa la rangi ya kucha upande mmoja. Isogeze juu ya pikapu ya zamani, upande wenye doa ukitazama chini, bila kugusa, uone kama inavutwa au inasukumwa. Katika jozi iliyo sahihi pikapu moja huvuta na nyingine husukuma. Usitumie sumaku yenye nguvu, maana alniko hupoteza usumaku wake. Mwambie muuzaji unahitaji iliyo kinyume na uliyonayo, kwa sumaku na kwa mzunguko wa koili. Kama hawezi kujibu, nunua jozi.

## Hatua ya 6: Kununua bila majuto

Muulize muuzaji mambo haya kwa maandishi: urefu na upana kwa milimita, ni ya shingo au ya daraja, ina betri au haina, na ina nyaya ngapi. Akikujibu "itaingia tu", aga kwa heshima uondoke.

Ukiagiza nje, bei ya kwenye tovuti si bei ya mkononi. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za kuingiza mzigo. Hesabu kabla, usije ukasimama kaunta ya posta ukipiga simu za mikopo.

Ukinunua iliyotumika, nenda na multimita. Gusa nyaya mbili za pikapu. P iwe karibu 10 au 11, J karibu 7 au 8. Geuza uitazame chini: kutu kwenye vidonge, nyaya zilizokatwa fupi, lehemu iliyorudiwa rudiwa. Waya mfupi huungwa, lakini kutu inayotambaa ndani haina tiba. Muuzaji akikataa upime, jibu umelipata.

## Hatua ya 7: Kufunga

Kama hujawahi kulehemu, fanya mazoezi kwenye redio mbovu jioni moja. Madirisha yawe wazi, moshi wake si mzuri kwa kifua.

1. Toa betri kama ipo, na chomoa kebo.
2. Tenganisha nyaya za zamani kwa joto, usizikate. Pikapu ya zamani unaweza kuihitaji.
3. Soma karatasi ya mtengenezaji kuhusu rangi. Usikisie. Kwenye pikapu za Seymour Duncan zenye nyaya nne, waya mweusi ndio wa sauti na wa kijani huenda ethi. Kwenye DiMarzio zenye nyaya nne, mwekundu ndio wa sauti, wa kijani huenda ethi, na mweusi huungwa na mweupe. Rangi moja, kazi mbili tofauti.
4. Pitisha nyaya kwenye tundu kabla ya kulehemu. Nimesahau hili mwenyewe na kulazimika kurudia.
5. Pasha kiungo, kisha lisha lehemu kwenye kiungo, si kwenye chuma. Sekunde tatu nne zinatosha kwenye mguu wa volyumu. Mgongo wa volyumu unahitaji zaidi kwa sababu unakula joto. Ukwangue kwa msasa kwanza ili lehemu ishike. Kiungo kizuri hung'aa na kutandaa. Kilichofifia na kujikunja kama tone la nta ni cha baridi, kirudie.
6. Waya wa ethi wa daraja ubaki mahali pake kwa pikapu zisizo na betri. Kwa zile za EMG mtengenezaji hushauri usiuunganishe na nyuzi, fuata karatasi yake.
7. Weka sponji mpya chini ya pikapu. Ya zamani kwa unyevu wetu hugeuka unga unaonata. Springi za chuma huota kutu, mpira ni bora.

Kabla ya kufunga skrubu zote, rudia kipimo cha multimita cha hatua ya 1 kupitia kebo. Halafu chomeka ampi kwa sauti ndogo na ugonge kila pikapu taratibu kwa bisibisi. Usikie "tok" iliyo wazi kwa kila moja.

*Umefaulu* ikiwa kila pikapu inajibu kugongwa, volyumu inapanda taratibu, na ukishika nyuzi mvumo hauongezeki.

## Hatua ya 8: Kimo, na masikio yako

Rudisha nyuzi, zipe sauti zake. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho kabisa, pima nafasi kati ya uzi na pikapu. Anza na milimita 3 upande wa E, na 2.5 upande wa G. Kisha sikiliza.

Ukikaribisha sana, sumaku huuvuta uzi: noti za juu zitayumba na kukataa kukaa kwenye sauti, hasa kwenye uzi wa E. Wengi hudhani shingo imepinda. Shusha pikapu nusu mzunguko wa skrubu, ujaribu tena. Ukishusha mno, mlio unakuwa mwembamba na wa mbali.

Kwa J mbili, fungua zote. Mlio ukiwa mwembamba, wa puani, besi ikiwa kama imetolewa tumbo, pikapu zinapingana. Badilisha nyaya mbili za pikapu moja. Unene ukirudi lakini mvumo ukaongezeka, jozi haikuwa sahihi, na hapo ndipo utakapokumbuka ile sumaku yenye rangi ya kucha.

Usiamue usiku huo huo. Piga nayo mazoezini na ngoma ikiwepo, na mwimbaji, kwa sauti mnayotumia kweli. Chumbani kila pikapu yenye besi nyingi hupendeza. Ukumbini ndiyo hiyo hiyo inayozama.

Pikapu za zamani zitie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na ule mfuko mdogo wa kukausha unaokuja kwenye boksi la viatu. Bandika karatasi juu: aina, urefu, kilo-omu, ya shingo au ya daraja, na tarehe uliyoitoa.